Tulivyokwenda Kianyaga kwa Kupitia Kangari

Wenzangu wa chumba cha walimu, tangu Jumatatu sijanywa chai kwa amani. Huyu anauliza kama ni kweli Wachira alikataa wasichana watano kwa siku moja, yule anataka kujua mwalimu wa jiografia alifikaje Murang'a akielekea Kirinyaga. Nimechoka kueleza vipande vipande. Naandika mara moja, mpokezane, na atakayebaki na swali akamuulize Wachira, ambaye atamdanganya.

Wachira mnamjua: fundi wa redio hapa Mweiga, mwenye pikipiki nyekundu inayokohoa. Miaka miwili sasa anampenda Wambui, nesi wa Nyeri mjini, ambaye kwao ni Kianyaga, kusini mwa mlima. Ilibidi aende kupanda kijiti, ile desturi yetu ya ithigi: kijana na wazee wake wanafika kwa baba ya msichana na tawi bichi lililokatwa kwao kijana, linasimikwa mbele ya nyumba, na tangu hapo kila apitaye anajua binti ana mwenyewe. Hakuna tawi, hakuna mchumba.

Aprili tulikwenda tukarudi, maana mvua ilikuwa imebeba daraja kabla ya Karatina. Baba Wambui akatuma ujumbe mfupi. Atatupokea mara moja zaidi, Jumamosi ya pili ya Julai, na siku hiyo ng'ombe wakishakamuliwa jioni atafunga lango lake, na asisikie tena habari za kijana wa Mweiga. Wachira alikonda. Alikuwa akitengeneza redio za watu zikatoka zikiwa na sauti mbaya kuliko zilivyoingia.

Wazee wake walikuwa wasafiri kwa pikapu, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Watatu kati yao wameokoka, wakasema hawawezi kupanda gari moja na pombe. Na bila uki, ile pombe ya asali, mazungumzo ya namna hii hayafunguliwi. Basi ikaamuliwa kwamba pombe na kijiti vitakwenda kwa pikipiki pamoja na bwana harusi mwenyewe, na mimi nyuma yake kama mwonyesha njia. Kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka Karatina kwa njia za ndani halikumsumbua mtu. Mimi si ni mwalimu wa jiografia?

Wachira alikuwa amesoma, kwenye gazeti lililofungia nyama, kwamba Wazungu wana kimashine cha kushika mkononi kinachoongea na setilaiti na kukwambia ulipo.

"Sisi tunajua tuko wapi," nilimwambia. "Tunachotafuta ni Kianyaga iko wapi."

Tukaunda chetu. Kisanduku cha mbao kinachokaa juu ya tangi la petroli, chenye dirisha la kioo cha fremu ya picha. Ndani, vijiti viwili vya mpera, vilivyokatwa kwenye mti ulio nyuma ya jiko la mama yake Wachira, na karatasi ndefu ya risiti imezungushwa toka kimoja hadi kingine, kama utepe wa kaseti. Ukizungusha kispoku cha baiskeli kilichotokeza pembeni, njia inapita dirishani.

Kazi ya kuhamisha njia kutoka kwenye ramani hadi kwenye karatasi niliifanya mwenyewe, Jumapili mbili baada ya kanisa. Nilitandaza uzi juu ya ramani ya ukutani, ile ya darasa la saba, nikaupima, nikaweka upana wa kidole kwa kila kilomita. Kila kona niliichora upande wake. Wambui alikuwa ameandika barua ya kurasa tatu kueleza alama za njiani, nami nikazitia: mistari miwili ni daraja, msalaba ni kanisa, duara ni kiwanda cha kahawa, na mwisho kabisa kituo cha kupimia majani chai, ua wa miiba ya kaiyaba, lango la bluu. Majina ya miji sikuyaandika. Karatasi ilikuwa nyembamba, na nilitaka kuonyesha kwamba ramani iliyochorwa vizuri haihitaji majina. Naomba mkumbuke sentensi hiyo, kwa sababu mimi nimeikumbuka sana.

Mweiga hadi Karatina

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Mama yake Wachira alikata tawi la mpera kwa mkono wake mwenyewe, akalifunga kwenye usukani kwa mpira wa blada na kulisemesha maneno ambayo hatukuyasikia. Jerikani la uki lilikaa kati yangu na Wachira. Pikapu ya wazee ilikuwa imetutangulia, wakiimba nyimbo za kanisa.

Nani kati yenu amewahi kubeba uki kwenye barabara ya mashimo? Ile pombe iko hai. Kufika Nyeri mjini jerikani lilikuwa limevimba likisukuma mgongo wa Wachira na tumbo langu, na kila kilomita kumi ilibidi tusimame, nilegeze kifuniko, itoe pumzi kwa mlio wa aibu, halafu tuendelee. Kwenye kituo cha mabasi mama mmoja aliniangalia mimi, si jerikani, akaziba pua.

Ukungu wa Julai ulikuwa umelala chini. Mlima haukuonekana kabisa. Nataja jambo hili kwa sababu mtu wa kwetu akiuona mlima hahitaji karatasi ya risiti, na siku hiyo mlima ulikaa ndani.

Karatina tulikunywa chai na nduma za kuchemsha. Nilifungua kisanduku mezani, watu wakajaa. Mwenye hoteli alizungusha kispoku mbele na nyuma, akatingisha kichwa kwa heshima.

"Na ikifika mwisho, inafanya nini?" akauliza.

"Ikifika mwisho, tumefika," nilimjibu, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri sana.

Karatina hadi mwisho wa karatasi

Kilomita chache baada ya Karatina karatasi ilionyesha kona ya kwanza kubwa: toka lami, ingia njia ya vumbi, mkono wa kulia. Njia ya vumbi ilikuwepo, mkono wa kulia, mahali ilipopaswa kuwa.

"Uko sure?" Wachira akauliza.

"Wewe endesha."

Tulikuwa tumekubaliana jambo moja: hatuulizi mtu. Aprili tuliuliza watu kumi na wawili na wote walituambia "hapo tu mbele", hata yule aliyekuwa akitembea kuelekea nyuma.

Na karatasi haikukosea. Ilisema daraja, tukashuka mtelemko, tukavuka daraja. Ilisema kanisa, tukapanda, kanisa hilo hapo. Kiwanda cha kahawa, daraja, kanisa, daraja. Nilikuwa nikichungulia juu ya bega la Wachira, mkono nimeupitisha ubavuni mwake, nikizungusha kispoku na kutangaza kila alama kabla haijatokea, na kila mara ikitokea nilimpiga Wachira begani. Yeye naye alianza kuimba. Haikunijia akilini kwamba katika nchi hii ya matuta na mito unaweza kwenda upande wowote upendao na utashuka kwenye daraja, utapanda kwenye kanisa, na baada ya kanisa kuna kiwanda cha kahawa. Ningeweza kuchora karatasi ile nikiwa nimefumba macho.

Kuna mahali Wachira alipunguza mwendo. "Mwalimu, hawa watu wote wanaongea kama watu wa Murang'a."

"Lafudhi hubadilika kwenye mipaka," nilimwambia. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku hiyo.

Na tulipoanza kuona chai, mashamba ya kijani mpaka ndani ya ukungu, tukapita baa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu "Kirinyaga View". Nilimwonyesha Wachira kile kibao na kumuuliza kama sasa ameridhika. Akasema ameridhika. Mimi pia niliridhika. Kwamba mtu anaweza kuipa baa yake jina la mlima ulio mbali, kwa sababu uko mbali, nimelifikiria baadaye.

Saa sita na nusu karatasi iliisha. Palikuwa na kituo cha kupimia majani chai, mabati matupu na mizani inayoning'inia. Palikuwa na ua wa kaiyaba. Na palikuwa na lango, na lango lilikuwa la bluu. Wachira alizima pikipiki, akashika usukani akainamisha kichwa. Nilidhani anaomba. Alikuwa analia kidogo.

Kwa Mzee Kamande

Lango lilifunguliwa hata kabla hatujabisha. Mzee mrefu mwenye koti zito na kofia ya sufu alitoka mikono mbele.

"Aa, mumefika! Tumewangoja tangu asubuhi, tukasema ati labda gari imekwama kwa matope. Wengine wako wapi?"

"Wako nyuma na pikapu," nikasema, kwani uani hapakuwa na gari. Niliona fahari kwamba tumewashinda wazee.

Alilitazama tawi la mpera kwenye usukani. Uso ukamng'aa. "Na hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo hiyo, Baba," Wachira akasema.

Mzee Kamande hakungoja. Alilichukua tawi kwa mikono miwili, akaenda mlangoni, akachimba kwa panga, akalisimika na kushindilia udongo kwa buti. Wanawake waliokuwa jikoni wakapiga vigelegele vitano. Akajimiminia pembe ya uki, akamwaga kidogo chini, akanywa iliyobaki, akafumba macho, akajimiminia nyingine.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnaponiuliza, "Kwani hamkutaja jina?" Ninyi nyote mmewahi kupeleka wazee kwa watu. Mmewahi kusikia nani akiingia nyumbani kwa mtu na kusema "Tumemtaka Wambui"? Huo ni utovu wa adabu. Unazunguka. Tulikula kwanza: mukimo wa viazi vilivyopondwa, mbuzi wa kuchemsha, chapati zilizokunjwa mara nne, na supu ambayo bado naiota. Baada ya kula Mzee Kamande alijipangusa mdomo na kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na miwani, kilichotuleta.

"Tulikuwa tunapita, Mzee," nikasema, "tukaona katika boma hili mche mzuri. Tukaona tuuwekee alama, ng'ombe wa watu wasije wakaula."

"Na huo mche mnaujua?"

"Tunaujua sana."

"Umekaa upande gani?"

"Upande wa jua."

Akafurahi. Nami nikafurahi. Tulizungumza hivyo nusu saa nzima, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa maneno mazuri, na hakuna aliyesema chochote. Mwishowe dada yake Mzee Kamande, mama mmoja mwembamba aliyekuwa kwenye kona akisuka kiondo, akachoka.

"Si mtoe mtoto basi," akasema. Walimwita Tata Njeri, yaani shangazi, na nilikuwa bado sijajua kwamba ndiye mwenye akili katika nyumba ile.

Wakaanza kutoa wasichana kwa ule utani wa kawaida, kwanza wale wasiokuwa wenyewe, wamefunikwa leso kichwani. Wa kwanza akafunuliwa. Wachira akasema si yeye. Kicheko. Wa pili, si yeye. Wa tatu, mrembo kabisa, Wachira alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema si yeye. Wa nne. Vicheko vikazidi, na Mzee Kamande akapiga goti lake. "Ni mkali huyu! Anajua chake! Sasa mleteni mwenyewe."

Wa tano akaingia polepole, wanawake wanaimba nyuma yake. Leso ikatolewa. Msichana alimwangalia Wachira. Wachira alimwangalia msichana. Nyimbo zikafifia.

"Mwalimu," Wachira aliniambia kwa sauti ndogo, "si yeye."

"Subiri, labda kuna wa sita."

"Hakuna wa sita," akasema Tata Njeri, aliyekuwa na masikio mazuri.

"Si yeye," Wachira akarudia, sasa kwa sauti.

Sijui kama mmewahi kukaa ndani ya nyumba ya watu, mmeshiba mbuzi wao, halafu mwenzenu akamkataa binti yao mbele ya mama yake. Mama aliketi chini kwenye sakafu. Mzee Kamande alisimama, na ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa mrefu.

"Umekunywa chai yangu," akasema. "Umekula mbuzi yangu. Kijiti yako iko kwa mlango yangu. Na sasa unaniambia msichana yangu si yeye?"

"Mimi pia," yule msichana akasema, "huyu si yeye. Yangu ni mfupi."

Nyumba nzima ikamgeukia. Kisha ikatugeukia sisi.

"Kwani nyinyi mnatafuta nani?" akauliza Tata Njeri.

"Wambui," Wachira akasema. "Nesi wa Nyeri."

"Hapa hatuna nesi."

"Hapa si Kianyaga?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee Kamande alikaa tena kwenye kiti chake taratibu. "Kianyaga," akasema, "iko Kirinyaga. Hapa ni Kangari. Uko Murang'a, kijana yangu."

Wachira aliniangalia. Nimefundisha miaka tisa, nimewaangalia watoto wengi walioshindwa mtihani, na ndiyo mara ya kwanza kuangaliwa vile mimi mwenyewe. Nilimwonea huruma, nikajichukia. Nililazimika kuleta kisanduku na kukiweka mezani katikati ya mifupa.

Tata Njeri ndiye aliyekifungua. Shule hakwenda, alituambia hivyo yeye mwenyewe. Alizungusha kispoku mpaka mwanzo, akauliza: "Ulichora ukitoka juu, ukishuka?"

"Ndiyo. Nyeri iko juu kwenye ramani, Kirinyaga iko chini, mkono wa kulia."

"Mkono wa kulia wa karatasi. Wewe ukishuka, wako ni gani?"

Nilinyoosha mkono wangu wa kulia. Akauchukua, akanigeuza mabega kama mtoto mpaka nikawa nimeelekea upande ule karatasi ilikokuwa ikielekea, yaani mgongo ukiwa kwa meza. Akaushusha, akauinua wa kushoto.

"Wewe umesuka ukiwa ndani ya kiondo," akasema, akarudi kwenye kona yake. "Maua yote yametoka upande wa nyuma."

Kila kona niliyoichora, ya kulia ilikuwa ya kushoto. Mnaweza kusema jiografia yangu ilikuwa sahihi na ni barabara iliyopinduka, na kwa muda nilijaribu kusema hivyo.

Ilikuwa saa nane. Wachira alikimbilia mlangoni kung'oa tawi lake, na Mzee Kamande akamshika mkono, si kwa hasira.

"Usiiguse. Imeshasimama kwa nyumba ya msichana yangu. Ukiing'oa unamlaani."

"Lakini ni yangu, Mzee. Mama yangu ndiye aliikata. Bila hiyo sina kitu."

"Najua," mzee akasema, na nadhani kweli alisikitika. "Lakini siwezi."

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameinuka kutoka sakafuni, alitufungia mbavu za mbuzi kwenye gazeti. Ndivyo watu walivyo. Wamekula hasara yetu na bado wanatufungia nyama.

Tulipotoka langoni tulikutana na pikapu imejaa wazee wenye matope mpaka magotini. Mbele kulikuwa na kijana mfupi aliyevaa tai. Wakatuuliza njia ya kwa Mzee Kamande. Tuliwaonyesha. Siku nzima ile, ndiyo njia pekee niliyomwonyesha mtu akafika.

Kangari hadi Kutus

Sitaieleza sehemu hii kwa urefu, kwa sababu Wachira hakusema neno na mimi sikuthubutu. Tulishuka Maragua, tukapita Murang'a mjini bila kusimama, tukauliza kila mtu tuliyemwona. Tuliuliza wauza ndizi. Tuliuliza padri. Tulimuuliza mtu aliyekuwa juu ya mti. Wote walisema "hapo tu mbele", na safari hii walikuwa wakisema kweli.

Sagana gurudumu la nyuma likaishiwa pumzi. Kulikuwa na mzee wa kuziba pancha pale kando ya barabara, Mwislamu mwenye kofia nyeupe na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote, aliyetuambia babu yake alikuja kujenga reli akasahau kurudi. Alifanya kazi yake bila haraka hata kidogo. Wachira alikuwa akizunguka pikipiki kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

"Mna haraka ya nini, wanangu?"

Wachira akamweleza. Yote, tangu uki mpaka wasichana. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anasema, na hakuweza kuacha. Alimwambia pia kwamba kama lango litafungwa hatajua la kufanya, kwamba hata redio hawezi tena kuzisikia. Nilijifanya naangalia magari.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapiga pampu, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Inueni macho," akasema.

Ukungu ulikuwa umefunguka upande wa kaskazini, na mlima ulikuwa pale, mweupe juu, umekaa kama vile haujawahi kwenda popote.

"Kutus, kisha mwelekee huo. Mkianza kuugonga kwa tairi, mmepita."

Akakataa kupokea chochote isipokuwa ubavu mmoja wa mbuzi.

Kutus ilikuwa siku ya soko. Tulisukuma pikipiki katikati ya marundo ya nyanya na magunia ya mchele, tukitukanwa pande zote mbili, na jerikani likachagua mahali hapo, mbele ya kina mama wa kanisa waliokuwa wakiuza maharage, kufyatua kifuniko chake. Kifuniko hatukukiona tena. Niliziba mdomo wa jerikani kwa kiganja na sikukitoa mpaka mwisho wa safari.

Kutus hadi Kianyaga

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro tulipoliona lango la bluu, la pili kwa siku ile. Pikapu ya wazee ilikuwa nje. Mjomba wake Wachira, Mzee Gathogo, aliyekuwa msemaji wetu, alisimama langoni peke yake na uso umemwiva.

"Mmetoka wapi?"

"Kangari," nikasema.

Aligeuka kutazama uani. Kisha akasema haraka, kwa sauti ya chini: "Ingieni pole pole, msikimbie. Bado hajamaliza kukamua. Wambui ndiye anakamua leo. Ako na ng'ombe wa pili tangu saa kumi."

"Wa pili? Wako wangapi?"

"Watatu. Mimi sijaona ng'ombe wa kukamuliwa masaa mawili maisha yangu yote. Na baba yake amekaa hapo anasikia, haulizi."

Wachira alifunika uso kwa mikono miwili. Kutoka nyuma ya nyumba tulisikia maziwa yakigonga ndoo, tone moja, kimya, tone jingine.

Baba Wambui alikuwa mtu mfupi mpana, ameketi kwenye stuli nje ya mlango, na wazee wetu wamepangwa mbele yake na vikombe vya chai iliyopoa. Hatukupeana mikono. Alinyoosha mkono kwa jerikani, nikatoa kiganja changu, akalitikisa.

"Hii imepungua."

"Barabara ni mbaya, Baba," Wachira akasema.

"Na kijiti?"

Mmoja wa wazee waliookoka akakohoa. Mzee Gathogo akapendekeza haraka kwamba kuna miti mingi hapa hapa, tawi lolote linaweza kukatwa.

"Langu nitajikatia mimi," Baba Wambui akasema. "Nilitaka la kwao. Kijana anakuja kwa mlango yangu mara mbili, mara ya kwanza bila miguu, mara ya pili bila mkono. Iko wapi?"

Hapo ningeweza kutafuta uongo, na nilikuwa nao tayari. Wachira akanizuia. Alivua kofia yake ya pikipiki, akasimama katikati ya uwanja, akasema yote. Alisema tumepotea. Alisema tawi la mama yake liko Kangari kwa Mzee Kamande na haling'oleki. Alisema amelishwa mbuzi na kuonyeshwa wasichana watano.

"Watano?" Baba Wambui akauliza.

"Watano, Baba. Nilisema si yeye, mara tano."

Nyuma ya nyumba matone yalikuwa yameacha kabisa.

"Walikuwa wazuri?"

Wachira alifikiria. Namfahamu, hajui kudanganya akiwa na hofu. "Wa tatu alikuwa mzuri sana," akasema.

Mzee Gathogo alifumba macho. Lakini Baba Wambui alianza kutikisika mabega. Alijizuia, akageuka, akaniuliza mimi jinsi mtu anavyotoka Mweiga kwenda Kianyaga akafika Kangari. Nikaleta kisanduku. Nilikifungua tu na kumpa. Alizungusha kispoku, akapitisha madaraja yangu yote na makanisa yangu yote mbele ya macho yake, mpaka karatasi ikaachia na kudondoka, vikabaki vijiti viwili.

Alikigusa kimoja kwa ukucha. Akakinusa. "Hii ni mpera?"

"Ndiyo, Baba."

"Ya wapi?"

Sisi wawili tulikuwa hatujalifikiria. Nawaapia, kilomita zote zile, pamoja na akili zangu zote, vile vijiti vilikuwa vimekaa mbele ya magoti ya Wachira tangu asubuhi na hatukulifikiria. Wachira alikisogelea kijiti.

"Ya mama yangu," akasema. "Nyuma ya jiko."

Baba Wambui alisimama. Alichomoa kile kijiti, urefu wa kiganja tu, akakisafisha kwenye suruali, akainama mbele ya mlango wake na kukisukuma ardhini kwa kidole gumba.

"Hii imepotea siku nzima," akasema. "Wacha ipumzike."

Wambui akatokea pembeni mwa nyumba na ndoo, gauni limerukiwa na matope, mikono imevimba. Maziwa ndani ya ndoo hayakufika nusu. Hakumtazama Wachira, alimtazama baba yake.

"Nimemaliza kukamua, Baba," akasema.

Ng'ombe wa tatu alikuwa analia nyuma ya ua, kiwele kimejaa, na katika sisi wote tuliokuwa uwanjani hakuna aliyemsikia.